Goa, Jimbo Dogo Lenye Lugha Yake

Goa ndilo jimbo dogo kuliko yote ya India kwa eneo. Lina kilomita za mraba 3,702. Kwa sisi tunaotoka Uganda, kipimo kilicho karibu ni Ziwa Victoria: ukichukua eneo la ziwa hilo lote, Goa itaingia humo mara kumi na nane na nafasi itabaki. Wenzetu wa Rwanda, waliozoea kuambiwa kwamba nchi yao ni ndogo, wangeweza kuikata nchi hiyo vipande saba na kila kipande kikatosha kuwa Goa. Sensa ya 2011 ilihesabu huko watu 1,458,545 tu, katika nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja. Ukiitafuta kwenye ramani ya India unaweza kuipita kwa kidole bila kuiona. Iko pwani ya magharibi, imebanwa kati ya Maharashtra upande wa kaskazini na Karnataka upande wa mashariki na kusini, na Bahari ya Arabuni iko mbele yake.

Swali lililonifanya niandike insha hii ni rahisi: kwa nini jimbo hili lipo? India ilipanga majimbo yake mengi kwa kufuata lugha. Wanaosema Kimarathi walipata Maharashtra, wanaosema Kikannada wakapata Karnataka, na kadhalika. Jirani mmoja wa Goa, yaani Maharashtra, ana watu zaidi ya milioni mia moja. Goa ingeweza kumezwa kwa urahisi, na kweli ilikaribia kumezwa. Kilichoikinga kwa sehemu kubwa ni lugha, tena lugha ambayo wasomi wake wengi walikuwa wakiionea haya. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Kampala, habari kama hiyo haipiti hivi hivi.

Nianze na nchi yenyewe. Upande wa mashariki kuna milima ya Sahyadri, yenye misitu. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi, ule ule uliovusha majahazi kutoka pwani yetu kwenda India, huipiga milima hiyo na kumwaga mvua nyingi sana. Maji hushuka kwa maporomoko ya Dudhsagar, yenye kimo cha mita 310, ambayo jina lake maana yake ni bahari ya maziwa. Ukiiona picha yake wakati wa mvua hutauliza kwa nini. Mito mikubwa ni miwili, Mandovi na Zuari, na makao makuu ya jimbo, Panaji, yako karibu na mahali Mandovi unapoingia baharini. Fukwe za Goa zinajulikana na watalii wa dunia nzima, kwa hiyo mimi nitaziacha zijitangaze zenyewe.

Kilichonivutia zaidi ni mashamba yanayoitwa khazan. Ardhi ya karibu na mito hiyo ni ya chini kiasi kwamba maji ya chumvi huingia ndani sana bahari inapojaa. Zamani, kabla Mreno yeyote hajafika, wenyeji walijenga matuta ya udongo na mawe wakayatenga mabonde hayo na mto, yaliyokuwa vichaka vya mikoko, wakapanda mpunga. Katika tuta huwekwa lango la mbao. Maji yakikupwa, lango hufunguka kwa msukumo wa maji ya ndani yanayotoka. Maji yakijaa, msukumo wa nje hulifunga. Hakuna mtu wa kulishika. Samaki na kamba hunaswa hapo langoni, na shambani huota mpunga unaoitwa korgut, ambao unastahimili chumvi. Tuta likibomoka sehemu moja, bonde zima linaharibika, kwa hiyo kazi hiyo haikuweza kuwa ya mtu mmoja. Kila kijiji kilikuwa na baraza la wenye ardhi, gaunkari, lililogawa mashamba na kutunza matuta. Wareno walizikuta desturi hizo wakaziandika katika sheria mwaka 1526, na mabaraza hayo, kwa jina la Kireno la comunidade, yapo hadi leo ingawa nguvu zimepungua. Ninalitaja jambo hili kwa kirefu kwa sababu vitabu vingi vya wageni huanza historia ya Goa na meli za Wareno, kana kwamba watu walikuwa wamekaa tu wakiwangoja.

Wareno walifika kweli. Afonso de Albuquerque aliiteka Goa mwaka 1510 kutoka kwa sultani wa Bijapur, na kabla ya hapo nchi ilikuwa imepita mikononi mwa wafalme wa Kadamba, kisha Vijayanagara. Baadaye Goa ikawa makao makuu ya milki yote ya Wareno mashariki, na pwani ya Afrika Mashariki ikawa inaamriwa kutoka huko. Msumbiji ilitawaliwa kutoka Goa hadi 1752. Mombasa nayo, tangu ilipojengwa Ngome ya Yesu miaka ya 1590, ilikuwa ikipokea makapteni na amri kutoka kwa mwakilishi wa mfalme aliyekaa Goa.

Wanaosoma historia ya Mombasa wanamjua Yusuf bin Hasan, lakini pengine hawajamfikiria kama mtoto wa Goa. Baba yake, sultani wa Mombasa, aliuawa baada ya kugombana na kapteni wa Kireno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri Waagustino, akabatizwa jina la Jerónimo, akasomeshwa Kireno. Walimrudisha Mombasa awe mfalme mtiifu. Mwaka 1631 aliwageuka, akauteka ule mji na ngome yake, akaurudia Uislamu. Miaka yote ile ya masomo ya Goa haikutosha kumfanya Mreno. Hapo kuna jambo juu ya elimu ya kupandikizwa ambalo lingefaa semina nzima, lakini tuendelee.

Mtakatifu Fransisko Xavier alifika Goa mwaka 1542, akiwa amepitia Msumbiji na Malindi njiani. Mwili wake umehifadhiwa katika Basilika ya Bom Jesus, na kila baada ya miaka kumi hivi hutolewa watu wauone. Mara ya mwisho ilikuwa mwisho wa 2024 hadi Januari 2025. Nyuma ya makanisa hayo mazuri meupe kuna historia ngumu. Mahakama ya Inkwizisheni ilifanya kazi Goa kuanzia 1560 hadi 1812, ikisimama kwa miaka michache tu katikati. Mahekalu ya Kihindu katika wilaya za pwani yalibomolewa. Waumini wengine walichukua sanamu za miungu yao wakavuka nazo mto hadi Ponda, ambako Wareno hawakuwa na mamlaka. Mungu wa kike Shantadurga alihamishwa kutoka Keloshi hadi Kavlem, na Mangesh akahamishwa kutoka Kushasthali hadi mahali panapoitwa sasa Mangeshi. Ponda wakati huo ilikuwa chini ya sultani wa Bijapur, kwa hiyo miungu ya Wahindu ilikimbilia kwa mtawala Mwislamu ikimkimbia mtawala Mkristo. Mtu anayedhani historia ya dini ni ya kambi mbili tu angefaa kuliangalia jambo hilo.

Leo, kwa sensa ile ile ya 2011, Wahindu ni asilimia 66, Wakristo 25, Waislamu 8. Wengi wa Wakristo na Wahindu wanatoka katika koo zile zile, waliotenganishwa na mto na ubatizo. Katika mji wa Mapusa, sikukuu ya Bibi Yetu wa Miujiza huhudhuriwa na Wahindu pia, ambao humhesabu kuwa ni dada wa mungu wa kike Lairai. Sijui mwanatheolojia angesema nini.

Sasa nifike kwenye lugha. Lugha ya Goa ni Kikonkani, iliyo jamaa ya Kimarathi. Mwanzoni wamisionari walijifunza. Mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu India ulifanya kazi Goa mwaka 1556, na Mjesuiti Mwingereza, Thomas Stephens, aliandika sarufi ya Kikonkani iliyochapwa 1640, baada ya kifo chake. Wanafunzi wa isimu wanaodhani sarufi za lugha zetu ziliandikwa mapema wanaweza kulinganisha tarehe. Lakini mwaka 1684 serikali iligeuka. Amri ilitolewa kwamba wenyeji waache Kikonkani, nao wakapewa miaka mitatu wajifunze Kireno.

Amri haikuiua lugha. Kilichofanyika ni kibaya zaidi: iliachwa iendelee jikoni. Familia kubwa zilizungumza Kireno sebuleni, na Kikonkani zilikitumia kwa wapishi, wavuvi na wakulima. Wahindu waliosoma walitumia Kimarathi hekaluni na magazetini. Karne ziliposonga, wasomi wa pande zote mbili walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba Kikonkani si lugha bali ni lahaja tu iliyoharibika, lugha ya watumishi.

Hapo ndipo nilipojikuta nasoma habari zetu. Nilipomwambia Jjajja, yaani bibi yangu, kwamba nimechaguliwa kusomea Kiswahili chuoni, aliniuliza kama ninataka kuwa mwanajeshi. Hakuwa anatania. Kwa watu wa rika lake pale Buganda, Kiswahili ni lugha iliyosemwa na mtu mwenye bunduki usiku akikuamuru ufungue mlango. Idi Amin ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba yetu ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likakipitisha tena, lakini Jjajja hasomi katiba. Najua tofauti iliyopo: Kikonkani kilidharauliwa kwa kuwa ni cha wanyonge, Kiswahili kwetu kiliogopwa kwa kuwa ni cha wenye nguvu. Hata hivyo mwanafunzi anayebeba lugha ambayo nyumbani kwao inaonewa haya anaelewana na mwenzake haraka, hata wakiwa wametenganishwa na bahari na miaka mia.

Mwenzangu huyo, kwa upande wa Goa, ni Vaman Varde Valaulikar, aliyezaliwa 1877 na kujulikana kwa jina la Shenoi Goembab. Alikuwa karani huko Bombay. Baada ya kazi aliandika hadithi, tamthilia, sarufi na historia kwa Kikonkani, wakati wenzake wakimwona anapoteza muda. Alitaka kuonyesha kwamba lugha hiyo inaweza kubeba jambo lolote, na njia aliyoichagua ilikuwa ni kuliandika jambo lenyewe badala ya kuandika makala za kulalamika. Alifariki tarehe 9 Aprili 1946, na siku hiyo sasa ndiyo siku ya Kikonkani duniani.

India ilipata uhuru 1947. Goa haikupata. Salazar, mtawala wa Ureno, alisema Goa si koloni bali ni sehemu ya Ureno, na kwa miaka kumi na minne zaidi bendera ya Ureno iliendelea kupepea Panaji. Jeshi la India liliingia Desemba 1961 na vita ikaisha kwa siku mbili tu. Salazar alikuwa ameagiza askari wake wapigane hadi kufa. Gavana wake hakuona faida ya kuyafanya magofu ya mji kwa ajili ya jambo lililokwisha, akasalimu amri.

Kisha likaja swali lenyewe. Goa ilikuwa eneo linalosimamiwa na serikali kuu ya Delhi. Je, liunganishwe na Maharashtra? Uchaguzi wa kwanza wa 1963 ulishindwa na chama kilichotaka kuungana, chini ya Dayanand Bandodkar. Si haki kumwita msaliti, ingawa nimeona baadhi ya waandishi wakifanya hivyo. Wafuasi wake wengi walikuwa Wahindu wa tabaka za chini, wapangaji kwenye mashamba ya watu, ambao kwao Kimarathi kilikuwa lugha ya sala na ya shule ya kwanza waliyowahi kuiona. Kuungana na jimbo kubwa kulikuwa na maana ya kuwatoa mikononi mwa wenye ardhi, Wakatoliki kwa Wahindu. Bandodkar mwenyewe alifungua shule nyingi vijijini. Upande wa pili aliongoza Jack Sequeira, akiwa na Wakatoliki wengi nyuma yake.

Tarehe 16 Januari 1967 watu wa Goa walipigishwa kura ya maoni: kuungana na Maharashtra au kubaki peke yao. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, walipewa alama mbili, ua kwa wanaotaka kuungana na majani mawili kwa wasiotaka. Hesabu ilikuwa wazi. Goa ina Wahindu wengi kuliko Wakristo, kwa hiyo kura ikifuata dini, Goa imekwisha. Ilikuwa lazima Wahindu wengi wapigie majani mawili. Kazi hiyo haikufanywa na hotuba za Kireno wala za Kiingereza. Gazeti la Rashtramat liliwashawishi wasomaji wa Kimarathi kwa Kimarathi chenyewe. Mshairi Manohar Rai Sardessai aliandika, na mwimbaji Ulhas Buyao akazunguka vijijini na kundi lake akiimba kwa Kikonkani, lugha ya jikoni, ambayo mkulima wa dini yoyote aliisikia na kuielewa bila mkalimani. Matokeo: kura 172,191 za kubaki, na 138,170 za kuungana. Tofauti ni 34,021. Kwa watu wachache namna hiyo hao wanatosha kujaza uwanja mmoja wa mpira, na ndio walioamua.

Lakini kubaki peke yao hakukuwa bado na maana ya kuwa jimbo, wala Kikonkani hakikuwa lugha rasmi. Wapinzani waliendelea kusema ni lahaja. Mwaka 1975 Sahitya Akademi, chuo cha taifa cha fasihi, kilikitambua kuwa lugha inayojitegemea. Miaka ya 1985 hadi 1987 vijana na waandishi walifanya maandamano, barabara zikafungwa, na watu saba wakafa. Watu saba walikufa kwa ajili ya lugha ambayo babu zao waliikana sebuleni. Februari 1987 sheria ya lugha rasmi ilipitishwa, na tarehe 30 Mei mwaka huo huo Goa ikawa jimbo la ishirini na tano la India. Mwaka 1992 Kikonkani kiliingizwa katika orodha ya lugha za katiba.

Ningeweza kuishia hapo na kuwaomba wahadhiri wetu wanipe alama za ushindi. Lakini sheria ile ya 1987 ina kifungu kinachouma. Inasema Kikonkani maana yake ni Kikonkani kilichoandikwa kwa hati za Devanagari. Wakatoliki, ambao walikuwa wakikiandika kwa hati za Kirumi tangu siku za wamisionari, wakakuta lugha waliyoipigania ni rasmi na maandishi yao si rasmi. Wengi wanalalamika hadi leo kwamba ajira na zawadi za fasihi huwapita. Waandishi wawili wa Goa wamepata tuzo ya Jnanpith, iliyo kubwa kuliko zote za fasihi India, nao ni Ravindra Kelekar na Damodar Mauzo; wote wawili ni wa Devanagari. Sisi tuliojifunza kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi kabla hakijavishwa hati za Kirumi tunapaswa kujua kwamba uamuzi wa hati ni uamuzi wa nani atahesabiwa kuwa msomi kesho yake asubuhi.

Na mkono wa Wareno uko katika lugha zote mbili, zetu na zao. Kanisa kwa Kikonkani ni igorz, kutoka Kireno igreja. Neno hilo hilo kwetu limekuwa gereza, na anayejua habari za Ngome ya Yesu anaweza kukisia lilivyobadilika. Meza yao ni mez. Tunda la mpera wao huliita per, sisi pera, ingawa kwa Mreno jina hilo ni la tunda jingine kabisa. Watu wa pwani mbili walilihamishia tunda lile lile. Korosho zililetwa na Wareno kutoka Brazili, na Goa hukamua mabibo yake wakatengeneza pombe ya feni. Maji ya kwanza kutoka kwenye mtungi huitwa urrak. Mwulize mtu wa Mtwara anaiitaje pombe ya mabibo, atakuambia uraka. Vyakula vyao vingine, wali, samaki, nazi na pilipili, havitamshangaza mpishi wa Mombasa, isipokuwa pengine siki katika nyama ya vindaloo.

Wagoa wenyewe walikuja kwetu. Walipanda meli za Bombay hadi Mombasa, mojawapo ikiitwa Kampala, wakawa makarani wa serikali Entebbe na Nairobi, mafundi cherehani, wapishi, wapiga muziki. Pio Gama Pinto alizaliwa Nairobi mwaka 1927, akasoma India, akapigania uhuru wa Goa, kisha akarudi kupigania uhuru wa Kenya hadi akawekwa kizuizini. Aliuawa Nairobi Februari 1965. Peter Nazareth, aliyezaliwa Kampala, alichapisha riwaya yake In a Brown Mantle mwaka 1972, mwaka ule ule Amin alipowapa Waasia siku tisini waondoke. Ni Amin huyo huyo aliyekitangaza Kiswahili mwaka uliofuata, na ndiyo maana sitamlaumu Jjajja.

Watu wetu nao walipelekwa kwao, bila tiketi. Waafrika walipelekwa Goa kama watumwa, wengi kutoka Msumbiji. Baadhi yao walitoroka wakapanda milima wakaingia misituni, upande ambao sasa ni Karnataka. Wazao wao, Wasiddi, wanaishi huko hadi leo, wengine Wahindu, wengine Waislamu, wengine Wakatoliki, na lugha yao ya nyumbani ni Kikonkani. Mwaka 2020 mmoja wao, Shantaram Siddi, aliteuliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria la Karnataka. Kwa hiyo kuna watu wenye asili ya Afrika wanaozungumza lugha ya Goa kwa kuzaliwa nayo, nje ya mipaka ya Goa, na hakuna amri ya 1684 wala sheria ya 1987 iliyowafikiria.

Shuleni mambo hayakutulia. Mwaka 1990 serikali ya Goa iliamua kuzipa ruzuku shule za msingi zinazofundisha kwa lugha za Kihindi tu, na shule za Kanisa zilizokuwa za Kiingereza zikahamia Kikonkani. Wazazi hawakufurahi wote. Mwaka 2011 ruzuku ilifunguliwa tena kwa Kiingereza, na wazazi wengi, wakiwemo waliowahi kuandamana, wakawaandikisha watoto wao huko. Siwezi kuwacheka. Dada yangu mkubwa ana mtoto wa chekechea Kampala, na hakuna siku aliyowahi kuniuliza ni shule gani inafundisha Kiswahili vizuri.

Kuna mahali pamoja ambapo Kikonkani hakikuhitaji ruzuku. Tangu 1892, Wagoa waliokuwa Bombay walipocheza tamthilia ya kwanza ya namna hiyo, kuna mchezo wa jukwaani unaoitwa tiatr, wenye hadithi ya familia na, kati ya onyesho na onyesho, nyimbo zisizohusiana na hadithi hata kidogo. Nyimbo hizo huwataja wanasiasa kwa kejeli. Watazamaji wengi ni Wakatoliki wa vijijini, watu wa hati za Kirumi. Hulipa wenyewe, hujaza ukumbi, na mwimbaji akilipiga vizuri fundo lake juu ya waziri, hupiga kelele aurudie ubeti.